Majani Niliyomlisha Mgeni

Wiki moja baada ya kumzika baba, mdogo wangu alikuja kutoka mjini na mche wa maua ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, akataka tuupande pembeni ya kaburi. Nilikuwa nimeinama nafagia, na kabla sijainua uso harufu yake ilinifikia, tamu na nyepesi, kama sabuni ya kuogea iliyoachwa juani. Nikamwambia autoe pale. Akaniuliza kwa nini, maua yenyewe ni mazuri na hayasumbui kwa maji. Nikasema mbuzi wa jirani watakufa. Akaurudisha ndani ya gari, ameudhika kidogo, na mimi nikaendelea kufagia mahali ambapo nilikuwa nimeshafagia.

Hakuwa na kosa. Alikuwa hajazaliwa wakati ule, na baba hakuwahi kumwambia, wala mimi. Nyinyi wa rika langu, mliokulia katika vijiji vya ujamaa, mlioimba mchakamchaka na kusikiliza habari za vita kwenye redio ya mwenyekiti, mnajua jinsi mtoto alivyoweza kufanya jambo kubwa mchana kweupe na watu wazima wasione, kwa sababu watu wazima walikuwa wakitazama kwingine. Basi nitawaambia nyinyi.

Baba alikuwa bwana shamba. Alipangiwa kazi katika kijiji kimoja upande wa Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, nasi tukahama naye kutoka Bukoba. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Watu walikuwa wametolewa kwenye maboma yao ya zamani, wakapewa viwanja vilivyopimwa kwa kamba, nyumba zikatazamana kama madawati darasani. Wengine walikuwa bado wanarudi kwenye mahame yao kukata ndizi, kisha wanazileta kijijini kichwani kana kwamba wamezinunua. Mbele kulikuwa na barabara, nyuma kulikuwa na pori, na pori lile halikuwa limeambiwa kwamba sasa pale ni kijiji. Ngiri, nyani na nguruwe pori walikuja shambani walivyokuja siku zote.

Nyumba yetu ilikuwa na bati, na mbele ya mlango mama alipanda mti wa maua ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao. Kipande chake alipewa Bukoba na mke wa ofisa mmoja, kwa hiyo tuliuita ua la Bukoba. Majani yake yalikuwa membamba, marefu na magumu, na maua yake ya rangi ya waridi, yenye harufu ile ile ya sabuni. Mama aliumwagilia maji aliyofulia, hata kiangazi, kwa hiyo kijiji kizima kilipokuwa rangi ya vumbi, ule mti ulikuwa kijani. Alituonya mapema kabisa. Tusiuvunje, tukiugusa tunawe mikono, na mbuzi wasifungwe karibu nao.

"Mbuzi akila huu hamalizi siku," alisema.

Nililisikia hilo vizuri. Sitaki mtu yeyote afikiri kwamba sikuambiwa.

Lakini nililisikia jambo jingine pia. Siku moja wazee walimuuliza baba kama ule uzio wa minyaa aliokuwa akiwahimiza wapande kuzunguka mahindi ya kijiji hautaua wanyama wa porini, maana utomvu wake unaunguza macho. Baba alicheka. Akasema, "Mnyama wa porini hahitaji bwana shamba. Pua yake inamwambia jani la kula na jani la kuacha. Sisi na mbuzi wetu ndio tunaohitaji kufundishwa." Wazee wakacheka pia. Nilikuwa nimekaa kizingitini, na nikayapokea maneno yale kama mali yangu. Shuleni niliyarudia. Nilikuwa mtoto wa bwana shamba, na watoto wenzangu waliniuliza habari za mimea hata pale nilipokuwa sijui, nami sikuwahi kusema kwamba sijui.

Rafiki yangu alikuwa Yustina. Nyumba yao ilikuwa ya nne kutoka kwetu. Kaka yake mkubwa aliitwa Laurenti, na mama yao, kama wengi wa pale, alilitamka jina hilo Raurenti. Vita vilipoanza, Laurenti alikuwa mgambo, akaitwa. Siku chache kabla hajaondoka alikwenda porini kukata miti ya kujengea, akarudi na mtoto wa pongo, yule swala wa vichakani, mikononi, mdogo kuliko mwanambuzi. Hakusema alimpataje. Mnyama mwenyewe alikuwa mwekundu kama udongo wa kichuguu, mwenye madoa meupe mapajani na pua nyeusi iliyolowa muda wote. Walimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Laurenti akampa jina la Mgeni, akamwambia mama yake, "Mtunzieni mpaka nirudi." Kesho yake lori lilikuja, vijana wakapanda wakiimba.

Kuanzia hapo Mama Laurenti hakumtazama yule pongo kama mnyama. Barua hazikuja. Redio ilitaja miji ambayo hakuna aliyeijua. Mama Laurenti alikuwa akiamka asubuhi anakwenda kwanza kwenye kibanda cha Mgeni, anamshika masikio, anamtazama machoni, ndipo anakwenda kuwasha moto. "Huyu akiwa mzima, mwanangu mzima," alimwambia mama, nami nikiwepo. Mama akamjibu, "Mungu atakusaidia." Hakumcheka.

Mgeni alikua. Vipembe vilianza kuchomoza. Alimfuata Yustina hadi kisimani, akala matembele kutoka mkononi mwake, akalaza kichwa juu ya mapaja yake wakati Yustina akichambua maharage. Mimi nilipomnyooshea mkono alirudi nyuma. Nikileta matembele yale yale, alinyoosha shingo, akanusa, akasubiri Yustina ayachukue. "Hajakuzoea tu," Yustina aliniambia, kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Kwao hakukuwa na bati wala redio. Alivaa gauni lililokuwa langu. Na bado alikuwa na kitu ambacho mimi sikuweza kukipata.

Upande wa pili wa kibanda cha Mgeni alikaa Mama Domitila. Kwao kulikuwa Keza, kule Ngara. Aliolewa Biharamulo, mumewe akafariki mwaka ule ule waliohamia kijijini, na hakuwa na mtoto; Domitila lilikuwa jina lake mwenyewe. Alikuwa mwanamke mfupi, anayetembea haraka, asiye na maneno mengi. Alilima kunde na tumbaku, akaikausha tumbaku juu ya chanja nyuma ya nyumba. Mara mbili Mgeni alikata kamba akaingia kwenye kunde zake. Mara ya pili Mama Domitila alimrushia gunzi, na Mama Laurenti aliona. Wakatupiana maneno juu ya uzio, Mama Domitila kwa Kihangaza na Mama Laurenti kwa Kisubi, na kwa kuwa lugha hizo zinaelewana, hakuna tusi lililopotea.

Redio ilitangaza kwamba vita vimekwisha. Tuliimba, tukacheza, kisha tukasubiri. Kiangazi kikaingia na vijana hawajarudi. Nyasi zilikauka zikawa zinavunjika ukizikanyaga. Mgeni alianza kukonda, mbavu zikaonekana, na Mama Laurenti akakonda naye.

Ilikuwa Jumamosi. Watu wote walikwenda kuchuma pamba ya kijiji, watoto pia. Jua lilipopanda, mama alinituma nirudi nyumbani kuangalia maharage aliyoyaacha jikoni. Njia nzima sikukutana na mtu. Nilikoleza moto, nikaongeza maji, nikatoka nje, na mbele yangu kulikuwa na ule mti, kijani peke yake.

Sikumaanisha ubaya. Nimejitafuta sana pale, miaka mingi, na sijaona ubaya. Nilichoona ni kitu ambacho pengine ni kibaya zaidi, yaani hamu ya kupendwa iliyokasirika. Niliwaza kwamba Mgeni ana njaa na hapa kuna majani mabichi, na kwamba onyo la mama ni la mbuzi, na Mgeni si mbuzi. Baba mwenyewe alisema. Nikavunja matawi matatu kwa mikono.

Alikuwa amesimama kwenye kivuli cha kibanda, kamba shingoni. Nilimnyooshea. Alisogea, akanusa, akapuliza pumzi kwa nguvu puani, akageuza kichwa. Nikamzungukia upande mwingine. Akanusa tena, akageuka tena. Mara ya tatu aligonga ardhi kwa kwato na kurudi nyuma mpaka kamba ikakaza.

Mtu mzima akiyasikia haya anaelewa mara moja. Pua yake ilikuwa inafanya kazi yake, kama baba alivyosema. Lakini mimi sikuona mnyama anayekataa jani. Niliona mnyama anayenikataa mimi. Machozi yalinitoka. Nikamwambia, "Ingekuwa Yustina ungekula."

Nilikwenda kwenye matuta ya viazi pembeni ya njia, ambako matembele machache yalikuwa bado hai, nikayachuma. Nikaketi chini, nikayakunja majani ya ua la Bukoba ndani ya matembele, moja moja, nikiyabana kama mama alivyobana dagaa kwenye jani la mgomba. Nikamnyooshea lile la kwanza juu ya kiganja. Alinusa kwa muda mrefu. Kisha akala.

Ulimi wake ulikuwa wa joto na wenye mikwaruzo. Alikula yote niliyokuwa nimefunga. Alipomaliza alisukuma kiganja changu kwa pua akitaka zaidi, nami nikacheka peke yangu kwa sauti. Sikumbuki furaha nyingine ya utotoni iliyokuwa kubwa kama ile. Na nikajiambia kwamba kwa kuwa ameyatafuna, basi pua yake imeyakubali.

Nilirudi kwenye pamba. Maharage yalikuwa hayajaungua.

Tuliporudi sote alasiri, Yustina alitangulia mbio kama kawaida yake, kisha tukasikia akiita, "Mama, mama, mama," bila kupumzika. Mgeni alikuwa amelala ubavu, miguu inapiga hewa, mate yanamtoka, macho wazi. Walimmwagia maji, wakamnywesha majivu yaliyokorogwa. Yustina alimshika kichwa. Mimi nilisimama nyuma ya watu, nikitazama kupitia katikati ya viwiko vyao. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa.

Mama Laurenti hakulia. Alivua kilemba chake, akaketi chini, akasema taratibu, kama mtu anayejibu swali, "Raurenti amekufa."

Kesho yake, baada ya ibada, mwenyekiti wa kijiji aliita watu mbele ya ghala. Mzoga ulikuwa umelazwa juu ya majani ya migomba. Balozi wa nyumba zetu kumi alieleza kwamba jana kijiji kizima kilikuwa kwenye pamba isipokuwa mtu mmoja, aliyeomba ruhusa kwa sababu ya mguu. Kila mtu alijua ni nani. Mama Domitila alikuwa amesimama, ameegemea fimbo, mguu umefungwa kitambaa.

"Ulikuwa nyumbani?" mwenyekiti alimuuliza.

"Nilikuwa nyumbani."

"Na huyu mnyama aliwahi kula kunde zako?"

"Alikula. Nikamrushia gunzi. Sikumpa kitu."

"Mtu anayemuua mnyama wa mwanangu," Mama Laurenti alisema, "anataka mwanangu asirudi. Mniletee huyo mtu aniambie nimemkosea nini."

Watu walinung'unika. Mwenyekiti alitaka mambo yaende kwa utaratibu, akamwomba baba ampasue mnyama, atazame tumbo, aseme ni nini kimemuua, maana yeye ndiye mtaalamu. Baba alikunja mikono ya shati. Kisu kilipita. Aliingiza mkono, akatoa kilichokuwemo, akakitandaza juu ya jani la mgomba kwa ncha ya kisu. Nilikuwa mbele na watoto wengine. Niliyaona. Matembele yalikuwa yamesagika, machache bado yameyazunguka yale mengine, lakini majani ya ua la Bukoba, kwa ugumu wake, yalikuwa yamebaki vipande vipande, na hata katika uchafu ule yalijulikana.

Baba alichukua kipande kimoja, akakifuta kwa kidole gumba. Alikaa nacho muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akainua kichwa, na macho yake hayakwenda kwa mwenyekiti wala kwa Mama Laurenti. Yalikuja moja kwa moja kwangu. Nadhani alikuwa anamtafuta tu mtoto wake miongoni mwa watoto, bila kujua bado. Lakini niliinamisha uso, na hapo akajua.

"Ni majani," baba alisema. "Yamesagika. Siwezi kujua ni ya mti gani."

"Lakini ni sumu?" mwenyekiti aliuliza.

"Inaonekana ni sumu."

"Mtu alimlisha?"

Baba alifuta mkono kwenye nyasi. "Yamefungwa ndani ya matembele," alisema. "Pongo hafungi majani."

Hakumtaja Mama Domitila. Hilo alinieleza siku chache baadaye kana kwamba lilikuwa na uzito, kwamba hakumtaja. Lakini watu walikuwa wameshageuka wote kumtazama yule mwanamke mwenye fimbo, na yeye hakuwatazama wao. Alikuwa anamtazama baba. Alimtazama hivyo mpaka mkutano ukaisha.

Nyumbani baba alikwenda kwenye mti, akagusa mahali pale palipovunjwa. Akaniita nimletee jembe. Nikampelekea. Akaung'oa mti mzima na mizizi yake, akauzika nyuma ya choo, akamwambia mama kwamba ulikuwa na wadudu. Mama alikasirika kwa siku mbili. Mimi, baba hakuniuliza kitu, na nataka niseme kweli kwamba siku ile sikuona aibu. Niliona nafuu. Nililala vizuri na kula vizuri. Aibu ilikuja polepole, baada ya wiki kadhaa, na ilipofika haikuondoka.

Hakuna aliyempiga Mama Domitila. Walimwacha tu. Kisimani walinyanyua ndoo zao alipofika. Kwenye shamba la kijiji hakuna aliyekubali kupewa mstari kando yake. Watoto, na mimi nikiwa miongoni mwao, tulivuka barabara tulipomwona. Kisha mtu aliangusha chanja lake la tumbaku. Asubuhi moja alitoka na mkeka na chungu kichwani, fimbo mkononi, akapita mbele ya kila nyumba kwa sababu njia ilikuwa hiyo moja. Kwetu alisimama. Baba alikuwa anapiga pampu baiskeli.

"Bwana shamba, naaga. Narudi kwa kaka yangu, Keza."

Baba alisimama wima. "Safari njema, mama," alisema. Hilo tu.

Mvua za kwanza zilipoanza, Laurenti alirudi. Alishuka kwenye lori na begi la kijani, mzima, amenenepa kidogo, isipokuwa alikuwa anashtuka mlango ukigongwa. Tulijaa kwao. Mama Laurenti alimshika uso kwa mikono miwili, akaomba msamaha, akasema amempoteza Mgeni.

"Mgeni yupi?" Laurenti aliuliza.

Yustina akamwambia, "Yule pongo, kaka." Laurenti alifikiri, ikachukua muda, kisha akasema, "Aa, yule. Nilidhani mlishamla." Akarudi kwenye chakula chake.

Mama Laurenti akaanza kukusanya vyombo. Siku ya tatu alikuja kwetu. Alimwambia mama kwamba anakwenda Keza kumwomba Domitila msamaha, kwa sababu alimfukuza mtu kwa ajili ya mnyama ambaye mwenyewe hamkumbuki, na akaomba aende na mimi. Madereva wa malori walikuwa wananijua kwa sababu ya baba, wangesimama. Nilisema ninaumwa tumbo. Mama alinishika paji la uso, akasema sina homa, nikavae.

Lori lilituacha njiani, tukapanda na kushuka vilima kwa miguu kutwa nzima, njia za migomba zenye utelezi. Mama Laurenti alibeba kuku. Tulimkuta Mama Domitila anapanda maharage kwenye kijishamba cha kaka yake. Alinyooka, akatutazama, akaweka jembe chini.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba."

Mama Laurenti alipiga magoti kwenye udongo uliolowa. Alisema yote, hakujitetea hata kidogo. Mama Domitila alimsikiliza, kisha akamwinua kwa kiwiko, akasema, "Inuka, utachafua kanga." Walikaa ndani muda mrefu na wifi yake. Nilisikia wakiongea, baadaye nikasikia hata kicheko. Mimi nilibaki uani. Chakula kilipokuwa tayari, Mama Domitila alitoka na maji kuninawisha. Alimimina taratibu, akasema kwa Kiswahili, sauti ya chini, ili wa ndani wasifuatilie:

"Ulikuwa umevaa gauni la njano."

Mikono yangu ilibaki pale pale.

"Nilikuwa nyuma ya chanja," alisema. "Nilikuona unamlisha. Nikasema, angalia huyu mtoto ana huruma, ameletea mnyama majani."

"Mbona hukusema?" nilimuuliza.

"Niseme mtoto wa bwana shamba ndiye? Nani angenisikiliza?" Alimalizia maji yaliyobaki juu ya vidole vyangu. "Na baba yako alikuwa ameyashika mkononi. Nilimwona ameyajua. Nikangoja aseme. Mpaka leo sijui kwa nini nilikuwa na hakika kwamba atasema."

Akaingia ndani na kibuyu. Nilikula kwao ugali na maharage, na Mama Laurenti mara mbili aliniuliza kwa nini sili sawasawa.

Tulilala Keza, tukarudi kesho yake. Nilimkuta baba peke yake anachagua mbegu kwenye ungo. Nikamwambia aliyoniambia Mama Domitila. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Aliacha kuchagua, akaniuliza swali moja ambalo hakuwahi kuniuliza.

"Ulikuwa unafikiri nini?"

Nikamwambia yote jinsi yalivyokuwa. Kwamba nilijua mbuzi hufa, lakini yeye alisema mnyama wa porini anajua. Kwamba nilifikiri akila kitu basi pua yake imekikubali. Kwamba alipokataa nilidhani ananikataa mimi, ndipo nikayafunga ndani ya matembele. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaendelea kuchagua mbegu, lakini niliona anaweka mbovu pamoja na nzima.

Jumapili iliyofuata aliomba nafasi mbele ya ghala. Alisimama bila kofia. Alisema kwamba majani yaliyomuua pongo wa Mama Laurenti yalitoka kwenye mti uliokuwa mlangoni pake, kwamba aliyajua mara tu alipoyashika, na kwamba alisema uongo mbele ya kijiji, na uongo huo ukamwondoa mtu asiye na kosa.

Mwenyekiti alimuuliza, "Nani alimlisha, bwana shamba?"

"Ni mimi," baba alisema.

Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele wa watoto, bega kwa bega na Yustina. Mama Laurenti alisimama. "Wewe? Kwa nini?"

Na baba akajibu kwa maneno yangu. "Nilifikiri mnyama wa porini akila kitu, basi pua yake imekikubali. Alipokataa, nikayafunga ndani ya matembele." Yalikuwa maneno ya mtoto. Kinywani mwa mtu mzima mwenye cheti cha kilimo yalisikika ya kipumbavu, na mtu mmoja nyuma alicheka, kisha wengine. Baba alisimama pale mpaka walipomaliza kucheka. Hakunitazama hata mara moja. Alikuwa ameyakaza macho yake juu ya bati la ghala.

Mwenyekiti alituma ujumbe Keza kwamba Mama Domitila anaweza kurudi. Alijibu kwamba ameshapanda. Baba alihamishwa kabla mahindi hayajakomaa, na kule tulikohamia alikuwa mtu mwingine, asiyetoa ushauri mpaka aulizwe mara mbili. Hatukuizungumzia tena habari ile mpaka alipokufa. Kila mara nilipotaka kuanza, alikuwa anakumbuka kazi fulani nje.

Lakini nikiwa peke yangu huwa sirudi kwenye kibanda cha Mgeni, wala kwenye uwanja wa Keza. Narudi pale mbele ya ghala, watu wanacheka, baba ametazama juu, na mimi nina nafasi ya kutosha kabisa kusimama na kusema. Yustina alikuwa analia. Aliniona nami nalia, akadhani ninamlilia baba yangu na kitendo alichokifanya. Akatafuta mkono wangu, akaushika, akaninong'oneza, "Pole."

Nikamjibu, "Asante."